Upinde ni wa Kipimo

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza tutangaze pinde na mishale yote kwa bei gani, kama mzigo mmoja, ili mtu avibebe kabla sijahamia fleti. Na ukauliza kama ule upinde wa mbao wa mama yako nao uingie humo. Bei nitakwambia. Lakini kabla ya bei kuna mnunuzi, maana upinde ni wa kipimo, kama kanzu. Mtu mfupi hawezi kuvaa ya mrefu kwa sababu tu ameilipia.

Anza na mbawa za upinde wangu, yaani vile vipande viwili vinavyopinda, juu na chini ya kishikio cha katikati. Kabatini kuna jozi tatu, kwa nguvu ya kuzivuta: ratili 38, 34 na 28. Mbili za kwanza ziondoke. Bega langu sasa linataka 28, na hesabu yake ni hii: kulenga mishale 72 kwa ratili 38 ni kuvuta ratili 2,736, kwa 28 ni 2,016. Tofauti hiyo naijua usiku nikilalia upande wa kulia.

Usiandike "upinde wa ratili 38" ukaishia hapo. Namba iliyochapwa kwenye ubawa ni ya mtu anayevuta ugwe inchi 28, tena kwa kishikio cha inchi 25. Kila inchi pungufu huondoa kama ratili mbili, kwa hiyo anayevuta 26 atapata 34 hivi. Mbawa hizohizo zikifungwa kwenye kile kishikio chekundu cha inchi 23 zinapanda ratili mbili. Andika vyote. Mbawa zangu ni za ukubwa wa kati: kwenye kishikio cha inchi 25 zinatoa upinde wa inchi 68. Na kwa kuwa ni za ILF, mfumo wa kimataifa wa kuunganishia mbawa, zinakaa kwenye kishikio cha kiwanda chochote kinachofuata mfumo huo. Ndiyo maana nasema mbawa ziuzwe mbali, vishikio mbali. Mzigo mmoja unampa mtu vitu vitatu asivyovihitaji ili apate kimoja.

Kabla ya kupiga picha, zikague. Funga ugwe kwa ile kamba ya kufungia; usipitishe mguu katikati ya upinde, ndivyo mbawa zinavyojipinda upande. Ukishafunga, utazame upinde kwa nyuma, ugwe ukiwa mbele ya jicho lako: unatakiwa upite katikati ya ubawa wa juu na wa chini. Ukiegemea upande mmoja, ubawa umejipinda. Halafu pitisha ukucha taratibu kwenye kingo zote. Ukucha ukinasa, tabaka zimeanza kuachana. Zile za 34 zilisahaulika kwenye buti la gari kiangazi kizima, na joto ni adui wa gundi. Zikinasa ukucha usiziuze hata kwa pauni moja. Zikate kwa msumeno, asije mtu akaziokota.

Mishale ya kaboni ishike ncha zote mbili, ielekeze mbali na uso, ikunje kidogo, izungushe robo, ikunje tena, huku unasikiliza. Ikilia kama kijiti kikavu, imekwisha. Pitisha na pamba juu yake. Penye ufa pamba itabakiza nyuzi. Ile ya alumini imeandikwa 1716: 17 ni unene wake kwa sehemu za 64 za inchi, 16 ni unene wa ukuta wake kwa sehemu za elfu za inchi. Mnunuzi anayejua atakuuliza hiyo namba, na atakuuliza urefu. Urefu, mwanangu! Hapo ndipo nilipokosea.

Zile mbawa za mama yako za ratili 30 niliziuza pamoja na mishale yake, imekatwa inchi 27. Kijana alilipa bila kubishana, nami nikafurahi. Sikumuuliza anavuta inchi ngapi. Alikuwa na mikono mirefu, anavuta karibu 30. Siku ya kwanza uwanjani ncha ya mshale ilirudi nyuma ya pale unapokalia, ikawa imeelekea mkono wake wa kushikia upinde, na ugwe bado umevutwa. Mwalimu alimshika kiwiko, akamrudisha polepole. Angeachia, mshale ungepita kwenye kiganja. Mama yako hakunisemesha siku mbili, na alikuwa na haki. Upinde ni wa kipimo, na mishale zaidi ya upinde.

Basi bei: mbawa nzima, nusu ya bei ya dukani ya leo. Kishikio panda kidogo, huchakaa polepole. Mishale iliyokatwa usiihesabu. Mpe atakayenunua mbawa, ikiwa tu mkono wake unaikubali. Lile shina refu la kutuliza upinde na kile cha kulengea viende peke yake, hivyo havina kipimo cha mtu.

Sasa upinde wa mbao. Kuna siku nasema uuzwe: upo juu ya kabati, hauvutwi, na fleti ina kabati moja. Halafu nasema, kwani unakula nini? Hauna ugwe, umelala bapa, hautaharibika. Tena atakayeununua ataufunga ugwe wa kisasa usiovutika, na ncha zile za mbao hazijaimarishwa, zitapasuka. Ugwe wake ni dakroni tu, uzi unaovutika kidogo. Nani atamwambia hivyo? Wewe unajua. Lakini wewe hujashika upinde tangu ulipoolewa, nami sitaki kukubebesha kitu kwa jina la mama yako. Nilitaka kuamua, nikaandika nikafuta.

Fanya hivi. Simama ukutani, nyoosha mikono yote miwili pembeni, mumeo akupime kwa inchi toka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kidole cha kati, ugawe kwa 2.5, upate kwa kukadiria inchi unazovuta. Upinde ule umeandikwa ratili 22 kwa inchi 28, na mishale yake ya inchi 27 ningali nayo sita. Nitumie hiyo namba kwanza, kabla hujauandikia tangazo.

Baba yako