Je, kimeng'enya humeng'enya kila kitu?

Swali: Katika makala ya afya niliandika, "Vimeng'enya vya ini humeng'enya parabeni kwa kuiongezea salfeti." Mhariri ameikata sentensi bila maelezo. Kosa liko wapi?

Jibu: Liko kwenye kitenzi, na ni lugha yenyewe iliyokutega. Kumeng'enya ni kuvunjavunja kitu kiwe vipande vidogo, kama tumbo linavyofanya chakula, na jina kimeng'enya limezaliwa humo. Lakini mtoto amempita mzazi: leo tunaita kimeng'enya hata kile kinachounganisha.

Tazama kazi yenyewe. Parabeni ni kihifadhi kinachotiwa kwenye losheni, shampuu na baadhi ya dawa ili kuvu na bakteria wasistawi. Pembeni mwake pana haidroksili, yaani oksijeni iliyoshikana na haidrojeni. Kimeng'enya kiitwacho salfotransferesi huchukua salfa yenye oksijeni tatu kutoka kwa PAPS, molekuli inayoibeba mwilini, kikaiweka pale ilipokuwa ile haidrojeni; ndiyo maana ya kuongeza salfeti. Metiliparabeni iliyoingia na uzito wa molekuli wa 152 hutoka na 232. Kitu kilichomeng'enywa kinaongezekaje uzito? Kilichobadilika ni kwamba sasa inayeyuka vizuri zaidi kwenye maji, na figo huitoa kwa mkojo.

Mimi hutumia kupachika. Kuambatisha si kosa, ila kupachika hudai mahali maalumu: mshale hupachikwa kwenye upinde, na salfeti kwenye haidroksili. Tena kitenzi hiki kina kinyume chake, kupachua, nacho tunakihitaji sana, kwa sababu mwilini vimo pia vimeng'enya viitwavyo salfatesi vinavyoweza kuiondoa salfeti hiyo. Jozi kamili, tumerithi bila kukopa! Kusalfetisha nakiachia vitabu vya kemia.

Parabeni ina njia nyingine, ambapo kimeng'enya kiitwacho esteresi huikata kwa msaada wa maji ikawa asidi na alkoholi. Hapo kuvunja kupo kweli, lakini hata hapo ningeandika "huvunja", maana msomaji akiona "humeng'enya" mawazo yake yanakwenda kwenye chakula. Kwa safari nzima ya kemikali mwilini, kuchakata kunatosha. Hakuamui mapema kama kitu kinakatwa au kinaongezwa.

Mrudishie mhariri hii: "Vimeng'enya vya ini huchakata parabeni kwa kupachika salfeti kwenye haidroksili yake."