Swali la lugha: Ni kilowati 300 au kilowati 300 kwa saa?

SWALI: Ninaandaa muhtasari wa ripoti katika ofisi moja hapa Dodoma. Nimeandika: "Uendelezaji wa viwanda vya nishati ya mawimbi ya kikanda utaanza na mtambo wenye nguvu ya kilowati 300 kwa saa." Mhariri ameirudisha sentensi bila maelezo. Kosa liko wapi?

JIBU: Kosa zito liko mwishoni, kwenye "kwa saa". Kilowati hupima kasi ya kufua au kutumia umeme, maana yake muda umeshahesabiwa ndani yake. Ukiongeza "kwa saa" unagawanya kwa muda mara ya pili. Kiasi cha umeme hupimwa kwa kilowati-saa, na hiyo ndiyo uniti unayonunua kwenye LUKU. Hita ya maji ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima inakula uniti 1. Mtambo wa kilowati 300 ukifanya kazi kwa uwezo wake wote kwa saa 10 unatoa uniti 3,000. Ukienda kwa nusu ya uwezo, unatoa 1,500. Rudi kwenye ripoti ya awali uangalie kifupisho: kW ni kilowati, kWh ni kilowati-saa.

Kwenye umeme wa mawimbi kosa hili linaumiza zaidi, kwa sababu bahari haina kiwango kimoja. Kituo cha Mutriku, kaskazini mwa Hispania, kilichozinduliwa mwaka 2011 ndani ya ukuta wa kukinga bandari, kilianza na mitambo 16 ya kilowati 18.5 kila mmoja, jumla kilowati 296. Wimbi likiingia kwenye chemba, maji hupanda na kusukuma hewa juu; likirudi, hewa hunyonywa. Mapanga ya mtambo, yanayozungushwa na hewa hiyo, yameundwa yazunguke upande uleule hewa ikienda au ikirudi. Bahari ikitulia, hewa inayosukumwa ni kidogo na umeme unashuka. Anayesoma "296 kwa saa" atadhani uniti 296 zinapatikana kila saa, mchana na usiku, na hesabu yake ya mapato itaharibika kabisa.

"Nguvu" nayo iache. Katika mazungumzo inatosha, lakini kwenye ripoti ya kitaalamu inabeba mengi mno: wanafizikia wana kani, wana nishati, na vyote viwili mtaani huitwa nguvu. Magazeti yetu yameshazoea namna nzuri: Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115. Fuata hiyo.

Sasa "viwanda vya nishati ya mawimbi ya kikanda". Kiwanda ni mahali penye mashine. Shughuli nzima, kuanzia utafiti hadi mafundi na soko, ni sekta au tasnia. Halafu "ya kikanda" umeiweka mbali na neno lake, na kwa vile nishati na mawimbi yote yanakubali "ya", msomaji anaona mawimbi ndiyo ya kikanda. Isogeze: "sekta ya kikanda ya...". Bora zaidi, taja kanda yenyewe. Msomaji wa Dodoma akisikia kanda anafikiria Kanda ya Kati, ambako bahari hakuna. Wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anafikiria nchi kadhaa.

Mara ya kwanza andika "mawimbi ya bahari" kwa ukamilifu, kwa kuwa yapo pia ya redio na ya sauti. Baada ya hapo "mawimbi" yanatosha. Ila usiyachanganye na maji kujaa na kupwa. Mawimbi huletwa na upepo. Kujaa na kupwa huletwa na mvuto wa mwezi na jua, na ndiyo maana mtu wa pwani anaijua siku ya bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na ya maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) kabla haijafika. Kituo cha La Rance nchini Ufaransa, cha megawati 240, kilichoanza mwaka 1966, hutumia kujaa na kupwa. Kukitaja kama mfano wa umeme wa mawimbi ni kosa ambalo hakuna mhariri wa lugha atakayeliona.

Kama kifupisho ni kW na eneo linalokusudiwa ni pwani yetu, andika: "Uendelezaji wa sekta ya umeme wa mawimbi ya bahari katika ukanda wa pwani ya Tanzania utaanza na mtambo wenye uwezo wa kilowati 300." Ukipenda kuanza na "Kuendeleza sekta...", kitenzi kitageuka kuwa "kutaanza".