Kwa anayeanza kuandika miongozo ya programu

Aliyefungua mwongozo wako hakuja kujifunza programu. Kazi yake imekwama na anataka aimalize aondoke. "Moduli ya Usimamizi wa Watumiaji" ni kichwa kinachomfaa mhandisi, mwenzetu huyu anatafuta "Nimesahau nywila, nifanyeje?" Basi andika hivyo.

Wengi mnaoanza mnahangaika na istilahi ngumu. Ni sawa, lakini nionavyo mimi, kinachomwangusha msomaji zaidi ni mpangilio. Chukua sentensi hii: "Bofya Futa ili kuondoa faili zote, ila kabla ya hapo hakikisha umehifadhi nakala, kwani hazitarudi." Msomaji anasoma huku mkono uko kwenye kipanya. Akifika kwenye koma ya kwanza ameshabofya. Igeuze: "Faili zikishafutwa hazirudi, kwa hiyo hifadhi nakala kwanza. Kisha fungua Mipangilio, nenda kwenye Faili Zangu, ubofye Futa." Onyo limetangulia, na mahali pa kwenda pametajwa kabla ya kitendo.

Halafu mwambie atakachokiona baada ya kubofya. Asipojua, atabofya tena na tena. Ujumbe wa hitilafu unakili neno kwa neno, maana ndio atakaoubandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Vitufe navyo viite kama vilivyoandikwa: kikiwa "Wasilisha", usikiite "Tuma" ati ndiyo inaeleweka zaidi. Malalamiko hayo mpelekee aliyekibuni.

Picha za skrini, chache. Toleo jipya likitoka zinapitwa, na picha ya kitufe kisichokuwepo tena ni afadhali isingewekwa. Anayesomewa skrini na programu kwa sababu haoni, naye, hapati kitu kwenye picha isiyo na maelezo ya maandishi.

Ukimaliza, mtafute mtu wa uhasibu au mapokezi, mpe kazi moja aifanye kwa kufuata mwongozo, nawe ukae kimya. Kukaa kimya ndiko kugumu. Utatamani kumwonyesha kwa kidole. Usimuulize kama ameelewa, atakuitikia kwa adabu tu. Tazama anaporudia mstari, anapopandisha ukurasa juu. Akikwama hatua ya nne, kagua ya tatu: mara nyingi kuna jambo uliloliruka ukidhani kila mtu analijua, kama vile faili ikishapakuliwa inakaa wapi.