Kabla hujamchimbia mzee wako mizizi ya miiba

Hapa Dodoma mzee akilalamika magoti, hakosi jirani wa kumwambia: "Kachimbe ule mmea wa miiba, chemsha mizizi, unywe." Mama yangu naye aliambiwa hivyo, akanituma jembe. Nilimwomba anipe muda nijue kwanza ni mmea gani, na ndicho ninachokushauri nawe.

Unaosifiwa kwa maumivu ya viungo ni Harpagophytum, mmea wa mchanga wa Kalahari, kule Namibia, Botswana na Afrika Kusini. Tunda lake lina mikono yenye ndoano zinazonasa kwenye miguu ya wanyama, nao wakitembea husambaza mbegu. Wasan, wenyeji wa Kalahari, wameutumia tangu zamani kwa homa, tumbo na maumivu. Dawa yenyewe haichumwi kwenye tunda lile la kutisha. Huchimbwa viazi vya pembeni vya mzizi, vikakatwa vipande na kuanikwa juani. Mchimbaji mwenye huruma na ardhi huacha mzizi mkuu na kurudishia udongo, ili mmea uchipue tena mvua zikinyesha.

Kinachochoma nyayo za wachungaji wetu na kutoboa matairi ya baiskeli ni mbigili. Huo ni mmea mwingine kabisa: hutambaa chini, maua yake ni ya njano, na tunda lake likikauka hupasuka vipande vitano. Wahindi huutumia kwa matatizo ya mkojo. Kondoo wakiula sana huweza kuharibika ini, na jua likiwapiga, uso wao huvimba. Mimi hilo lilinitosha, sikumchemshia mama.

Ndugu halisi wa mmea wa Kalahari tunao shambani, nao ni ufuta. Lakini undugu wa mimea hauhamishi dawa, kwa hiyo usikubali kuuziwa mzizi wowote kwa hoja hiyo.

Na ukiletewa unga wa Kalahari wenyewe? Mwenye vidonda vya tumbo asiuguse. Mjamzito auache. Mwenye mawe kwenye nyongo, au anayetumia warfarin ya kuzuia damu kuganda, amwone daktari kwanza. Mama ana vidonda vya tumbo, kwa hiyo kwetu mjadala uliishia hapo.

Muulize muuzaji kama dawa yake imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililowekwa na sheria ya mwaka 2002. Akianza kukasirika, ondoka. Na goti likivimba ghafla, likawa la moto na mzee ana homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.