Mtoto akikwambia kitabu kinaboa, kaa kimya kwanza

Juzi Jumatano usiku nshajifunika shuka kabisa simu ikalia, kuna mama mmoja wa Mwanza kaniandikia. Kwa kifupi anasema hivi: Dada, mwanangu yuko la sita, tangu Januari nimemnunulia vitabu vitano, anasoma kweli namwona kwa macho yangu, ila nikimuuliza kikoje ananijibu "kizuri". Cha pili, kizuri. Cha tatu, kizuri. Nifanyeje aongee?

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka, maana hiyo "kizuri" mimi naijua inakotoka, kuna mtoto mmoja nilimfundisha mwenyewe kuisema na mpaka leo roho inaniuma. Nikaamka nikawasha taa nikaanza kuandika. Hili ndo jibu lake, limekuwa refu, anisamehe.

Mlionizoea mnajua kila Jumamosi saa nne asubuhi kibarazani kwangu hapa Tabata kunakuwa na watoto. Natandika mkeka, naweka maandazi, vitabu viko kwenye ndoo kubwa ile ya lita ishirini, anayetaka anachagua. Wengine wanasoma shule za kata, wengine hizi ingilishi midiamu, mkubwa yuko form three na mdogo la tatu. Tulianza na wanne, sasa hivi wako kumi na saba na maandazi hayatoshi. Vitabu nilivipataje ni stori ndefu ya kuzungukia wauza vitabu chakavu, niiruke tu. Kazi yao ni kusoma halafu kusema walichokiona, basi. Mimi cheti cha ualimu sina, msije mkaniuliza tena.

Sasa siku moja mwaka jana nilimuuliza binti mmoja, wakati huo yuko form two, kuhusu Watoto wa Mama Ntilie, kile cha Emmanuel Mbogo chenye baba mlevi Mzee Lomolomo, si wanakisoma shuleni. Jamani yule mtoto ALISIMAMA. Akaweka mikono nyuma akaanza, dhamira kuu ni umaskini, dhamira ndogondogo ni ulevi, malezi, nafasi ya mwanamke, ujumbe ulevi ni adui wa familia, akashuka mpaka mtindo na muundo kama kaseti, madesa matupu. Nikamwacha amalize nikamuuliza, sawa mama, lakini wewe ulikipenda? Akanitazama kama nimemuuliza mshahara wa baba yake. Kimya.

Pembeni, karibu na sahani ya maandazi, alikuwepo kijana wa la tano ambaye mwezi mzima hajatamka neno, binti ndo alikuwa anawasomea wadogo kila Jumamosi kipande kipande. Akanyoosha mkono. "Samahani anti, huyo Mzee Lomolomo hela ya pombe alikuwa anaitoa wapi, kama akina Peter na Zita wamefukuzwa shule hela ya ada hamna?"

Wee! Kibaraza kilichafuka. Mmoja anasema anakunywa kwa mkopo, mwingine anasema hapana walevi huwa wananunuliana, mwingine akasema mjomba wake hana kazi na kila jioni anarudi amelewa kwa hiyo inawezekana (hapo ikabidi nibadilishe mada kidogo maana mjomba mwenyewe namfahamu). Walibishana karibu nusu saa. Na binti wa form two naye akasahau mtindo na muundo, akasema yeye aliyemkera siyo Lomolomo, kilichomkera ni kwamba mama anabeba kila kitu peke yake na kila mtu anaona kawaida tu. Hapo ndo nikapata jibu la swali langu, na sikuuliza mimi.

Yule wa la tano alikuwa bado hajafundishwa kwamba kitabu kina maswali yake maalumu. Siikatai fani na maudhui, mtihani ni mtihani na mimi pia ndo ilinivusha, ila mtoto akishaambiwa kila kitabu kina ujumbe ambao mwalimu tayari anao kwenye notsi, maoni yake anayapeleka wapi tena?

Na hili nalisema nikiwa na kidonda. Mimi nikiwa form two, shule siitaji, niliwahi kunyoosha mkono nikasema huyu mhusika mkuu ananikera, kila kitu analia, mimi ningekuwa mwandishi ningemfuata rafiki yake. Nilidhani nimesema kitu cha maana. Mwalimu akaniuliza, "Wewe nani mpaka umkosoe mwandishi?" Akanisimamisha mpaka kengele, na ilikuwa vipindi viwili mfululizo. Darasa zima linanicheka na wale walionicheka wengine ni mashosti zangu mpaka leo. Nimeshamsamehe, ila sitawadanganya kwamba nimesahau.

Sasa ungetegemea mtu aliyepitia hayo hawezi kumfanyia mtoto mwingine. Nilimfanyia mtoto wa dada yangu.

Alikuwa anaishi kwangu, ana miaka kumi na miwili. Alisoma kitabu kimoja cha watoto, kile cha aina ya mtoto mwema anayetii wazazi na mtoto mbaya anayepata ajali. Akaandika kwenye kaunta buku lake, kwa penseli, bila kuambiwa na mtu: "Mwisho wake niliujua ukurasa wa tatu. Huyu mtoto mwema hajawahi hata kukojoa kitandani. Yule mbaya ndo angekuwa rafiki yangu lakini mwandishi amemvunja mguu." Nilicheka mpaka machozi. Halafu shuleni kwao ikaja siku ya wazazi, wakataka watoto wasome walichoandika kuhusu vitabu, mimi nikajipa cheo cha mhariri. Nikatoa ya kukojoa. Nikatoa ya mguu. Nikaongeza "kitabu hiki kinatufundisha umuhimu wa utii" na neno "hakika" mara mbili. Akasoma, watu wakapiga makofi, mkuu wa shule akanipa mkono mimi, siyo yeye, na nikafurahi, nisiseme uongo.

Kwenye daladala kurudi, tumepita Buguruni, akaniambia, "Mama mdogo, ile siyo yangu." Nikamjibu nimeiboresha tu kidogo. Akageukia dirishani mpaka tunashuka.

Tangu siku ile kila kitabu kikawa kizuri. Miaka miwili, kizuri, kizuri, kizuri!

Kwa hiyo mama wa Mwanza, na wazazi wenzangu wote, nisikilizeni. Usimuulize mtoto "umejifunza nini". Wewe ukimaliza kuangalia tamthilia saa tatu usiku kuna mtu anakuja kukuuliza umejifunza nini? Unampigia shoga yako mnamsema yule mwanamke aliyemrudia mume. Sasa mtoto naye anataka wa kumsema naye, mpe.

Rafiki yangu aliyesomea ualimu ndo alinifungua macho kuhusu Mwingereza mmoja, Aidan Chambers, mwalimu na mwandishi wa vitabu vya vijana, mwaka 2002 alipata medali ya Hans Christian Andersen, siyo mtu wa mchezo. Yeye aliona ukimuuliza mtoto "kwa nini" anajifunga kama kobe, maana anasikia anahojiwa polisi. Badala yake alikuwa anasema "niambie". Niambie ulichokipenda, niambie ambacho hukukipenda, niambie kilichokuchanganya, niambie kama kuna kitu umeona kinajirudia au vinafanana. Basi, hayo tu. Mimi hicho cha kilichokuchanganya ndo nimekiona dawa, mtoto ambaye hana la kusema kuhusu alichopenda atakuwa na dakika kumi za mambo ambayo hayajamwingia akilini. Na akisema, usimjibu. Usimsahihishe Kiswahili. Akichanganya na Kiingereza mwache achanganye. Usimwambie "lakini mwandishi alimaanisha". Mwandishi hayupo hapo kibarazani.

Halafu mruhusu aache kitabu katikati. Najua kinauma, umenunua hela yako. Lakini wewe mwenyewe una vitabu vingapi hapo nyumbani vya jinsi ya kuwa tajiri umeishia sura ya pili? Kama hela ndo tatizo, African Storybook wana hadithi za Kiswahili mtandaoni bure, zimepangwa kwa ngazi, unasoma kwenye simu, akikikataa kimoja umepoteza bando tu.

Na usimuulize amejifunza nini. Nshasema, narudia, maana nawajua.

Jingine ni voisi. Kuna watoto kuandika ni adhabu, kuongea kwenye simu ni raha. Jumamosi iliyopita yule kijana wa maandazi, sasa yuko la sita, alinitumia kwa simu ya mama yake voisi ya dakika sita kuhusu Takadini cha Ben Hanson, kitabu kilichomzidi umri kabisa, kakiiba kwa kaka yake. Anasema kitabu kina jina la uongo. Takadini anazaliwa na ualbino, sawa, lakini kurasa na kurasa bado ni mchanga, anayekimbia naye porini ni mama yake, anayeogopa ni mama yake, kwa hiyo kilitakiwa kiitwe Sekai. Halafu akasema atampelekea mwenzao darasani mwenye ualbino, yule anayekaa dawati la mbele kwa sababu ya macho, akisome aseme kama mwandishi amepatia au amebuni tu. Nimeisikiliza mara nne. Nikamrushia mume wangu kazini, akajibu "huyu mtoto wa nani?" Wa kibarazani kwangu, nikamwambia. Najisifu ndiyo, niacheni nijisifu.

Mtoto wa dada sasa yuko form two bodingi. Likizo ya Desemba alikuja, alikula, alilala, alisoma sana, hakusema kitu na mimi safari hii sikumuuliza. Januari alivyoondoka nikakuta kitabu juu ya kabati langu la nguo, kimojawapo nilichompa mwenyewe. Ndani kuna kikaratasi kimekatwa kwenye kaunta buku, kwa penseli: "Nimeishia 40. Anahubiri mno."

Nilikisoma chote usiku huohuo. Shuleni kwao simu haziruhusiwi, kwa hiyo nikachukua penseli nikaandika chini yake, "Mimi nimeona mahubiri yanaanza 31," nikakirudisha kitabu palepale juu ya kabati. Anarudi mwezi wa sita.