Wasomaji Wanauliza: Nyama Imetoka Sahanini, Iingie Nini?

SWALI: Nimeacha nyama wiki tatu sasa. Mchana na usiku nakula ugali na mchicha au matembele. Nikijaribu maharage tumbo linajaa gesi, na ikifika saa tisa alasiri sina nguvu kabisa. Nina kilo 60. Nirudie nyama? – Mama wa watoto wawili, Morogoro

JIBU: Si lazima, dada. Shida ni kwamba umeondoa kitoweo bila kuweka kingine. Mchicha ni mboga nzuri, lakini haushiki nafasi ya nyama.

Mtu wa kilo 60 anahitaji protini kama gramu 48 kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15 hivi, mayai mawili 12, glasi ya maziwa au mtindi 8, na konzi ya karanga (gramu 30) 7. Hapo umeshafika 42, na ugali wenyewe unamalizia zilizobaki. Mahindi na jamii ya kunde huzibiana upungufu, kwa hiyo makande yanastahili heshima kubwa kuliko yanayopewa.

Gesi inatokana na aina ya sukari iliyomo kwenye maharage ambayo mwili hauwezi kuimeng'enya, ikaishia kuliwa na bakteria wa utumbo mpana. Loweka maharage saa 8 hadi 12, mwaga maji yale, suuza, kisha pika kwa maji mapya. Yachemke kwa nguvu dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwani maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayotapisha na kuharisha. Anza na vijiko vinne vya chakula kwa siku, uongeze baada ya wiki, utumbo huzoea. Choroko zilizokobolewa ni laini zaidi kwa tumbo. Magadi yanaivisha haraka, ni kweli, ila yanaharibu vitamini B1, hivyo ni afadhali kuloweka muda mrefu zaidi.

Kuhusu uchovu: huenda unakula kidogo tu kuliko zamani. Lakini mwanamke anayepata hedhi hupoteza madini ya chuma kila mwezi, na chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama. Kamulia ndimu kwenye mboga ikishaepuliwa, au kula pera ama embe pamoja na chakula. Na chai! Kikombe kinachofuata mara tu baada ya kula huzuia chuma hicho. Subiri angalau saa moja. Nenda pia kituo cha afya upimwe wingi wa damu, maana upungufu ungeweza kuwapo hata kabla hujaacha nyama.

SWALI: Sili nyama, samaki, mayai wala maziwa. Je, mboga za majani zikiwa nyingi zinanipa vitamini B12? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hazikupi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Anayekula mayai mawili na kunywa glasi mbili za maziwa anafikisha. Wewe utahitaji vidonge, au vyakula vilivyoongezwa B12 kiwandani (soma lebo). Usisubiri dalili. Ini huhifadhi akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo mtu hujiona mzima kwa muda mrefu, kisha ganzi ikaanza miguuni na mikononi. Kuna mtego mwingine: foleti (aina nyingine ya vitamini B) iliyo tele kwenye mboga za majani inaweza kuficha upungufu wa damu unaoletwa na ukosefu wa B12, vipimo vikaonekana vizuri huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuumia. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, mweleze mhudumu wa kliniki mapema.

SWALI: Nyumbani wote wanakula nyama isipokuwa mimi. Sina muda wala mkaa wa kupika vyungu viwili. – Msomaji, Arusha

JIBU: Pika rosti moja ya vitunguu, nyanya, tangawizi na kitunguu saumu. Gawa mara mbili: kwako weka kunde au mbaazi zilizochemshwa, kwao nyama iliyochemshwa kando. Chako kikipooza, ongeza tui zito la nazi au vijiko viwili vya karanga za kusaga, ukikoroga kwa moto mdogo kwani karanga hushika chini upesi. Angalia pia viungo vya mchemraba: vingine vina mafuta au unga wa nyama, hata kama pakiti imechorwa nyanya.