Kuchora farasi ukiwa Dodoma

Mdogo wangu, umeuliza utajifunzaje kuchora farasi wakati hapa Dodoma ni nadra kuwaona. Msome George Stubbs, mchoraji Mwingereza aliyezaliwa Liverpool mwaka 1724. Alikaa kijiji cha Horkstow miezi kama 18 akipasua mizoga ya farasi, ngozi, misuli, hadi mifupa, na kila tabaka akilichora. Kazi hiyo ikatoka kitabu mwaka 1766. Ndiyo maana Whistlejacket, farasi aliyemchora kwenye picha iliyoko National Gallery, jumba la sanaa la London, anaonekana hai kabisa ingawa nyuma yake hakuna mandhari yoyote. Wewe Jumamosi nenda mnada wa Msalato, tafuta punda wa mkokoteni, chora goti, kwato na bega linavyovuta mzigo. Maungo yao yanakaribiana sana na ya farasi. Masikio na mkia utarekebisha baadaye.